Maji Yaliyokuwemo Pipani

BABA: Haloo? Haloo! Nani mwenzangu?

BINTI: Ni mimi, Baba. Shikamoo.

BABA: Marahaba. Mimi nani? Dunia nzima imejaa akina mimi.

BINTI: Binti yako, Baba.

BABA: Aaa! Mwalimu mwenzangu! Sema basi. Simu imeandika jina, lakini miwani iko... huko iliko inakujua yenyewe. Hujambo, mama?

BINTI: Sijambo. Umeamkaje?

BABA: Nimeamka mzima, nimekunywa chai, nimegombana na shangazi yako. Siku imeanza vizuri.

BINTI: Mmegombania nini tena asubuhi yote hii?

BABA: Ananisindikiza! Kila nikitoka kwenda chuoni, huyo nyuma, kanga begani, mpaka getini. Mlinzi ananicheka. Mtu mzima na mvi zangu, napelekwa shule kama mtoto wa chekechea. Mwambie aniache.

BINTI: Anakupenda, Baba.

BABA: Anipendee nyumbani. (Mtandao unakwaruza.) Haloo? Uko wapi, mbona kuna mwangwi?

BINTI: Niko chumba cha walimu, huku chuoni kwetu. Wenzangu wameingia madarasani. Nilisubiri watoke ndipo nikupigie.

BABA: Kumbe ni siri. Umepata mchumba?

BINTI: Baba!

BABA: Nauliza tu. Mzazi haruhusiwi kuuliza?

BINTI: Siyo hayo. Ni kuhusu kazi.

BABA: Kazi! Hapo sasa. Unafundisha nini wiki hii?

BINTI: Intigresheni. Ndiyo tunaanza. Wanafunzi wa umeme na wa maji pamoja.

BABA: Usiwaanzie na kanuni! Nakwambia, ukimwandikia fundi bomba kanuni ubaoni siku ya kwanza, umempoteza mpaka anazeeka. Mpe kitu akishike. Mimi natumia—

BINTI: Pipa. Najua.

BABA: Pipa na bomba na ndoo. Unafungua bomba, maji yanaingia, kasi inaongezeka, unawauliza, haya mabwana, mpaka sasa yameingia maji kiasi gani? Wanakodoa macho. Hapo ndipo unachora mkunjo. Unawaonyesha, eneo hili chini ya mkunjo ndiyo maji yenyewe, hakuna uchawi. Wanakubali. Kwa nini wananiita Mzee Pipa, na mwili wenyewe huu kama ufito?

BINTI: (Anacheka kidogo.) Kwa sababu ya pipa.

BABA: Basi. Ila siku hizi kuna mjinga ananiharibia. Yule wa kutunza karakana.

BINTI: Amefanya nini?

BABA: Kila nikiingia darasani nakuta pipa lina maji chini. Kidogo, kama robo ndoo. Nani kayatia? Hakuna anayesema. Vijana wanatazamana tu. Namwaga. Pipa la kufundishia linatakiwa liwe tupu, kavu, safi. Sasa kila somo naanza kwa kumwaga maji kwenye maua. Maua yamestawi, somo halijastawi.

BINTI: (Kimya.)

BABA: Haloo? Umepotea?

BINTI: Nipo. Baba... Unayamwaga?

BABA: Niyafanye nini, niyaoge? Lakini tuyaache hayo, umesema kazi. Umekwama wapi?

BINTI: Sijakwama mimi. Mkuu wa idara yenu amenipigia.

BABA: Yule! Nimemfundisha yule. Alikuwa anaandika eksi kama mkasi. Anataka nini kwako?

BINTI: Alinitumia karatasi za jaribio. Jaribio lako la mwisho wa muhula. Aliomba nizipitie upya.

BABA: Azipitie nani? Nimeshazisahihisha.

BINTI: Ndiyo, umezisahihisha.

BABA: Kwa hiyo siku hizi mtoto ndiye anayekagua kazi ya baba yake. Haya. Mambo yamegeuka. Na kwa nini wewe, walimu wote wameisha?

BINTI: Hakutaka mgeni azione, Baba. Alisema bora zibaki ndani ya nyumba.

BABA: Zibaki ndani? Zina ugonjwa?

BINTI: Vijana wamelalamika.

BABA: Vijana hulalamika. Ukiwapa swali gumu wanalalamika, ukiwapa rahisi wanalalamika kwamba umewadharau. Nimewafelisha kwa sababu hawajui. Darasa zima! Sijawahi kuona darasa zito kama hilo. Na yule msichana wa mbele, Spana, yule ndiye kiboko. Mimi nikigeukia ubao, yeye ananong'ona.

BINTI: Ananong'ona nini?

BABA: Sijui, anatamka tamka. Nikisimama kidogo kufikiri, tayari amelitaja neno. Nikimtazama anainamisha kichwa. Utovu wa adabu tu.

BINTI: Siyo utovu wa adabu, Baba.

BABA: Ni nini basi?

BINTI: Anakusaidia.

BABA: Ananisaidia nini?

BINTI: Mstari unaofuata.

BABA: Hebu rudia, mtandao—

BINTI: Mtandao uko sawa, Baba. Umenisikia.

BABA: Mimi nisaidiwe mstari? Mimi? Nimefundisha hesabu hii kabla Spana hajazaliwa, kabla hata mama yake hajajua kusuka nywele! Nani kakwambia upuuzi huo?

BINTI: Mwenyewe. Alikuwa ofisini kwa Mkuu, analia. Amefeli kama wenzake, bila kupita hapo hapelekwi kwenye mafunzo kazini. Lakini Mkuu anasema hakulilia maksi. Alikuwa anasema, "Tusiende mbele na jambo hili, mzee wetu ataumia." Walilificha muda mrefu, Baba. Darasa zima. Walikubaliana.

BABA: Walificha nini? Sema! Unazunguka zunguka kama fundi asiyeona uvujaji uko wapi. Nimefanya nini?

BINTI: Nina karatasi moja hapa mbele yangu. Nikusomee?

BABA: Soma.

BINTI: Swali la kwanza, pampu inajaza tangi, kasi yake mbili te, tafuta maji yaliyomo kwenye tangi. Mwanafunzi amejibu te mraba jumlisha C. Halafu ameandika, C ni maji yaliyokuwemo kabla.

BABA: Eee. Na mimi?

BINTI: Umekata. Kwa kalamu nyekundu. Umeandika pembeni, "Hii C ni ya nini?"

BABA: Na ni ya nini? Wanaimwaga C kila mahali kama chumvi! Swali limeulizwa, jibu linajulikana, mtu anakwenda kubandika herufi mwishoni ambayo hakuna aliyemwomba. Nimewakata wote. Wote! Watajifunza.

BINTI: Na yule aliyeiacha, umempa zote.

BABA: Kwa sababu amepata.

BINTI: Baba.

BABA: Nini?

BINTI: Baba, tafadhali. Nisikilize kidogo, usinikatize.

BABA: Nakusikiliza.

BINTI: Yupo mmoja, chini ya wino wako ameandika kwa penseli. Kidogo kidogo, kama anaogopa. Ameandika, "Mwalimu, ulitufundisha wewe."

BABA: (Kimya.)

BINTI: Umenisikia?

BABA: Nimesikia. Mwandiko huo mwekundu... Una uhakika ni wangu? Mtu anaweza kuiga mwandiko.

BINTI: Nimeujua mwandiko wako kabla sijajua kusoma, Baba.

BABA: Ndiyo. Ndiyo, kweli. Shangazi yako yuko nje, anafua. Ngoja nifunge mlango.

(Mlango unalia.)

BABA: Haya. Uko hapo?

BINTI: Nipo.

BABA: Nilitaka kukuchekesha jambo, sijapata nafasi. Juzi juzi niliingia darasa la ushonaji.

BINTI: Kufanya nini?

BABA: Kufundisha! Nimeingia, nimeweka begi, nimechora mkunjo, nimepiga somo zima la eneo. Wamenisikiliza hao! Kimya, madaftari wazi. Mwishoni dada mmoja akanyoosha mkono, akauliza, "Mwalimu, na mkunjo wa kwapa la gauni unapimwa hivyo hivyo?" Ndipo nikaona vyerehani.

BINTI: (Anacheka, halafu hacheki tena.) Ukasemaje?

BABA: Nikasema ndiyo, hivyo hivyo. Mwalimu hakubali kushindwa mbele ya darasa. Nikachukua begi langu nikatoka. Nje nikasimama ukumbini, milango yote ya rangi moja. Nikasimama pale... nikajifanya nasoma tangazo ukutani mpaka akapita mtu ninayemjua nikamfuata nyuma. Nimemwambia kila mtu kama kichekesho. Hucheki?

BINTI: Sicheki, Baba.

BABA: Mimi pia huwa sicheki nikiwa peke yangu.

BINTI: Kwa nini hukuniambia?

BABA: Nikwambie nini? Kwamba mwanangu, siku nyingine naitazama ile alama ndefu ya intigresheni naona ndoano ya kutundikia koti? Nikwambie hivyo, ulale usingizi? Naogopa, mama. Hayo ndiyo. Umeyapata. Naogopa.

BINTI: Pole, Baba. Pole sana. (Sauti inakatika.)

BABA: Usilie. Uko kazini, watakuona. (Mtandao unakoroma.) ...Sema sasa anachotaka yule wa mkasi.

BINTI: Mkuu anakupenda, usimwite hivyo. Amefanya alivyoweza. Lakini malalamiko yameshaandikwa, hayafutiki. Kesho asubuhi kuna kamati. Wawakilishi wa wanafunzi watakuwepo. Zitatolewa karatasi, zitasomwa moja moja, na wewe umekaa pale. Utaulizwa kila moja, kwa nini ulikata.

BABA: Mbele ya Spana?

BINTI: Spana ndiye kiongozi wa darasa.

BABA: Na nisipotaka kukaa pale?

BINTI: Ukimpigia Mkuu leo, wewe mwenyewe, ukasema unapumzika, hakuna kamati. Karatasi nitasahihisha mimi, vijana watapata haki yao, na utaagwa vizuri kama mwalimu. Ndiyo maana nimepiga. Sikutaka ulisikie kwa mtu mwingine.

BABA: Kumbe. Simu yote hii ni ya kunivua chaki mkononi.

BINTI: Usiseme hivyo.

BABA: Nisemeje? Umeanza na shikamoo, ukanichekea pipa, kumbe nyuma umeshika panga.

BINTI: Baba, mimi tangu jana sijala! Nimekaa na karatasi zako nikitafuta hata moja niseme hapa mzee alikuwa sahihi, wamemwonea. Nimezigeuza zote. Unadhani napenda?

BABA: Najua hupendi. Samahani. Mzee akibanwa anatoa maneno.

BINTI: Utampigia?

BABA: La.

BINTI: Baba—

BABA: La, subiri. Sikatai. Lakini simwachishi mtu kazi kwa habari za kusimuliwa, hata kama mtu huyo ni mimi. Nitahini.

BINTI: Nini?

BABA: Nitahini. Mtihani wa mdomo, hapa hapa kwenye simu. Nikipata, kesho naenda kwenye kamati yenu na kalamu yangu nyekundu mfukoni, na tutaonana. Nikikosa, nampigia Mkuu kabla sijakaa.

BINTI: Sitaki.

BABA: Kwa nini hutaki?

BINTI: Kwa sababu sitaki! Usinitupie mimi mzigo huo. Mimi ni mwanao, si mtahini wako.

BABA: Wewe ni mwalimu wa hesabu, na mimi sina mwingine ninayemwamini. Kamati siiamini, Mkuu ananionea huruma, shangazi yako hajui hata jedwali la saba. Wewe nilikufundisha mwenyewe. Unakumbuka nilivyokufelisha?

BINTI: Nitasahau vipi?

BABA: Hebu niambie tena.

BINTI: Baba, unajua—

BABA: Niambie. Napenda kusikia.

BINTI: Nilikuwa darasani kwako. Nilikosa maksi moja ya kufaulu. Moja tu. Nikarudia jaribio zima wakati wenzangu wako likizo. Nikajifungia chumbani nikalia mpaka macho yakavimba. Ukaja ukakaa chini, mgongo mlangoni, nikasikia unahema. Nikasema, Baba, si uniongezee tu, nani atajua? Ukasema, mwalimu akitoa maksi ya huruma, fundi atakwenda kuharibu nyumba ya mtu.

BABA: Nilisema hivyo?

BINTI: Ulisema. Halafu ukanipikia chai kila asubuhi mpaka nikarudia jaribio, na maksi hukunipa.

BABA: Sikukupa. Iliniuma, ujue. Sikukwambia. Usiku ule karatasi yako niliishika mkononi, kalamu iko hapa, nikasema ni kamstari kamoja tu. Sikukaandika.

BINTI: Sikujua.

BABA: Sasa umejua. Nitahini. La kwanza kabisa, la siku ya kwanza, usinipe la kunikomoa wala la kunibeba. Na bila huruma. Niapie.

BINTI: Baba...

BABA: Niapie, au nakata simu.

BINTI: Sawa. Bila huruma.

BABA: Haya. Nimekaa vizuri. Uliza.

BINTI: Intigreti mbili eksi.

BABA: Mbili eksi tu? Mama, nimesema usinibebe.

BINTI: Ni la siku ya kwanza. Umesema mwenyewe.

BABA: Sawa. Mbili eksi. Eksi ina kipeo kimoja. Naongeza kimoja, kinakuwa mbili. Nagawa kwa mbili. Mbili kwa mbili zimekwenda. Umeona? Mashine bado inazunguka. Eksi mraba.

BINTI: (Kimya.)

BABA: Haloo? Eksi mraba. Umesikia?

BINTI: Nimesikia.

BABA: Mbona umenyamaza?

BINTI: Nakusubiri.

BABA: Unisubiri nini, nimeshamaliza. Eksi mraba, nukta, kalamu chini.

BINTI: Usiharakishe, Baba. Fikiri. Hakuna kingine unachoongeza?

BABA: Mtahini hadokezi. Umeanza kuharibu kazi.

BINTI: Nakuomba, Baba. Fikiri tu.

BABA: Nimefikiri. Ndilo jibu langu. Nimepata, sijapata?

BINTI: (Anavuta pumzi.)

BABA: Mwalimu. Nimekuuliza.

BINTI: Hujapata, Baba.

BABA: (Mtandao unakwaruza.)

BINTI: Baba? Baba, upo?

BABA: Nimekosa kiasi gani?

BINTI: Maksi moja.

BABA: Moja tu.

BINTI: Moja tu.

BABA: Nimeacha nini?

BINTI: C, Baba.

BABA: Hiyo C.

BINTI: Ndiyo.

BABA: Ile ile niliyowakata wale vijana.

BINTI: Ile ile. Ile ile niliyoiacha mimi siku ile, ukaninyima.

BABA: Ndiyo hiyo uliyoiacha?

BINTI: Ndiyo hiyo.

BABA: Kwa hiyo wao walipata.

BINTI: Walipata, Baba. Karibu wote. Sijawahi kuona darasa linajibu vizuri hivyo. Kila mmoja ameeleza C kwa maneno yake mwenyewe, hawakukariri. Wangu hawajui hata nusu ya hayo. Uliwafundisha mwanzoni mwa muhula na ikawakaa.

BABA: Nimewafelisha watoto wa watu kwa sababu walinisikiliza.

BINTI: Nitawarekebishia. Usiwe na wasiwasi, nitawarekebishia wote leo hii.

BABA: Na Spana?

BINTI: Spana amepata zote.

BABA: Mpe salamu zangu. Mwambie... Hapana, usimwambie kitu. Mwambie mzee alijua kwamba anamsaidia. Si kweli, lakini mwambie.

BINTI: Nitamwambia.

BABA: Unalia.

BINTI: Ndiyo.

BABA: Lia, lakini usijute. Ungenipa ile maksi, ningejua. Labda si leo. Kesho mbele ya kamati ningejua, na ningekuwa nimepoteza vyote viwili, chaki na wewe. Umesahihisha vizuri. Haikukuuma?

BINTI: Imeniuma mno, Baba.

BABA: Na mimi iliniuma. Karibu kwenye kazi. Mwenzio sasa nitaamka asubuhi niende wapi?

BINTI: Mwisho wa juma nakuja. Nitakaa. Nimeomba ruhusa.

BABA: Uje. Shangazi yako atafurahi, amechoka kugombana na mtu mmoja. Na pipa je? Watalitupa. Wataliwekea takataka, nakwambia.

BINTI: Nitalichukua mimi. Nimeshamwambia Mkuu. Nitalileta huku kwangu, nilitumie na hawa.

BABA: Kweli?

BINTI: Kweli.

BABA: Basi sikiliza, mama, usiende kuniaibisha nalo. Bomba lake linalegea, funga kwa kipande cha mpira wa baiskeli, si kamba, kamba inavuja. Usilibebe kwa ukingo, utajikata vidole. Liweke pale dirishani, mwanga uingie, waone maji yanavyopanda. Sauti yako nayo ni ndogo, ukiongea na mafundi toa sauti, wamezoea mashine.

BINTI: (Anacheka huku analia.) Sawa.

BABA: Na uwahi. Usifike pamoja nao. Mimi hufika kabla yao wote, mlango bado umefungwa, nachota maji kidogo pale bombani, kama robo ndoo, naweka chini ya pipa, nafunika. Wasikuone. Halafu unakaa, unawasubiri.

BINTI: (Kimya.)

BABA: Haloo? Umeandika hiyo?

BINTI: Baba... Ni wewe unayeyaweka?

BABA: Nini?

BINTI: Yale maji ya chini. Kila asubuhi. Ni wewe?

BABA: Nani mwingine atakayeweka? Pipa si langu?

BINTI: Umesema wa karakana—

BABA: Wa karakana kafanya nini?

BINTI: Basi. Hajafanya kitu.

BABA: Usiache kuyaweka, hayo ndiyo muhimu.

BINTI: Sitaacha. Baba, hayo maji... ni ya nini?

BABA: Maji?

BINTI: Ya chini. Yanayokuwemo kabla. Ya nini?

BABA: (Kwa mbali sauti ya mwanamke inaita.) Sijui, mama. Nilikuwa najua. Wewe weka tu.

BINTI: Nitaweka, Baba.

BABA: Shangazi yako anagonga, anadhani nimetorokea dirishani. Nakuja! Nakuja, bwana, naongea na mwalimu! ...Haya, mama, nikuache ufanye kazi. Salio lako nalo linaisha.

BINTI: Halijaisha. Kaa kidogo.

BABA: La, kata. Acha nimpigie Mkuu kabla sijasahau.